Wasifu wa Kiongozi Usiwe Utenzi wa Sifa

Vitabu vinene vya wasifu wa viongozi haviwavutii wasomaji wengi. Hupangwa katika rafu za maktaba na huachwa hapo vikapigwa na vumbi. Mtumishi wa serikali aliyerudi nyumbani akiwa amechoka, au mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, haoni kwa nini ajitwishe kurasa 800 juu ya mtu mmoja tu, tena mtu aliyekwisha kufa. Hata hivyo wako wachache wanaojaribu. Huanza kwa kujilazimisha, wakafika ukurasa wa mia moja, na kutoka hapo kitabu hakiwatoki mkononi.

Inafaa kuuliza ni kitu gani kinachowanasa. Si ukubwa wa jina la kiongozi, kwa maana majina makubwa yamejaa hata katika vitabu visivyosomeka. Wala si sifa zake. Kitabu cha sifa huchosha upesi kuliko kitabu cha hesabu. Kinachowanasa ni mambo madogo madogo: nani alimwandikia nani barua, siku gani, akiomba nini, na akajibiwa nini. Mambo hayo ndiyo utawala wenyewe. Hotuba husikika uwanjani, lakini nchi huendeshwa kwa barua, mihtasari ya mikutano, hundi na saini. Mwandishi anayeyafuata mambo hayo hadi mwisho humwonyesha msomaji jinsi madaraka yanavyopatikana na jinsi yanavyotumika.

Mfano mzuri wa kazi ya namna hii umetoka Marekani. Robert Caro, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa New York mwaka 1935, alianza katikati ya miaka ya 1970 kuandika maisha ya Lyndon Johnson, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo kuanzia Novemba 1963 hadi Januari 1969. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1982, ya pili 1990, ya tatu 2002 na ya nne 2012. Juzuu hizo nne zina zaidi ya kurasa 3,000, na mwandishi aliendelea na ya tano akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 80. Mtu mmoja ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maisha ya mtu mwingine. Wako watakaosema huo ni upotevu wa wakati. Heri wayaangalie kwanza yale yaliyopatikana.

Johnson alizaliwa mwaka 1908 katika nchi ya vilima ya Texas, sehemu kame yenye udongo mwembamba na watu maskini. Caro, mtu wa mjini, aliona kwamba hawaelewi watu wa huko, na wao hawamwamini mgeni anayekuja kwa siku mbili na daftari lake. Basi yeye na mkewe, Ina, walihamia huko wakakaa kwa muda wa miaka mitatu. Hapo ndipo akina mama wazee walipoanza kuwaeleza jinsi walivyoishi kabla ya umeme: kuteka maji kisimani kwa mkono, kuyabeba hadi nyumbani, kufua kwa mkono, kupiga pasi kwa vyuma vilivyopashwa moto juu ya jiko la kuni wakati wa joto kali. Walimpa mwandishi ndoo aivute mwenyewe ili ajue uzito wake. Walimwonyesha na migongo yao iliyopinda kabla ya wakati.

Johnson alipoingia katika Bunge la Marekani mwaka 1937 akiwa kijana wa miaka 28, serikali ilikuwa na mpango wa kupeleka umeme vijijini, lakini kanuni zilidai idadi fulani ya wateja kwa kila maili ya waya. Nchi ya vilima haikuwa na watu wa kutosha, na kwa mujibu wa kanuni ilikuwa ibaki gizani. Mbunge huyo kijana alihangaika ofisi kwa ofisi hadi akamfikia Rais Franklin Roosevelt mwenyewe, na kanuni ikalegezwa. Mwaka 1939 taa zikawaka. Msomaji aliyekwisha kusoma habari za ndoo na migongo iliyopinda hahitaji kuambiwa na mwandishi kwamba huo ulikuwa uongozi. Anajua mwenyewe. Anajua pia jambo ambalo kila ofisa angepaswa kulikumbuka anapotia saini, yaani kwamba mstari mmoja wa kanuni unaweza kuwa ndio unaoamua kama mwanamke fulani ataendelea kubeba maji au ataacha.

Lau kitabu kingeishia hapo, kingekuwa utenzi wa sifa. Hakikuishia hapo. Caro aliingia katika maktaba ya Johnson iliyoko mji wa Austin, yenye makumi ya mamilioni ya kurasa, akafungua majalada ya miaka ya mwanzo moja baada ya jingine. Humo akaona jambo la ajabu. Kabla ya Oktoba 1940 barua zinaonyesha mbunge mdogo akiwanyenyekea wakubwa. Baada ya uchaguzi wa Novemba mwaka huo huo, wabunge wakongwe ndio wanaomwandikia yeye wakiomba dakika chache za wakati wake. Kitu gani kilitokea ndani ya mwezi mmoja? Thomas Corcoran, mjuzi wa siku nyingi wa siasa za Washington, alikwisha kumdokezea mwandishi kwamba siri ilikuwa fedha, lakini akamwonya kwamba hataipata katika maandishi.

Aliipata. Ndani ya jalada moja ilikuwamo simu ya maandishi ya tarehe 19 Oktoba 1940 kutoka kwa George Brown wa kampuni ya ujenzi ya Brown & Root, iliyokuwa na kandarasi ya kujenga bwawa kubwa la serikali huko Texas. Simu hiyo ilihusu hundi zilizotumwa kwa ajili ya uchaguzi. Ilikuwamo pia orodha iliyopigwa taipu ya wagombea waliokuwa wakiomba msaada, kila mmoja na kiasi alichotaka, na pembeni mwake maandishi ya mkono wa Johnson. Kwa baadhi aliandika kwamba wapewe, kwa wengine kwamba wasipewe, na kwa wachache aliongeza neno la kuwafuta kabisa. Katika nafasi hiyo nyembamba ya pembeni mwa karatasi msomaji anaona mbunge wa miaka 32 akiwa ameshika kamba za mifuko ya wenzake. Yapo maelezo mengi ya jinsi fedha ya wakandarasi inavyonunua nguvu ya siasa katika nchi za kibepari, lakini ni machache yanayoonyesha jambo hilo waziwazi kama karatasi ile.

Vivyo hivyo kwa uchaguzi wa mwaka 1948. Johnson aligombea kiti cha Seneti, na katika duru ya pili ya kura za maoni za Chama cha Democratic, iliyopigwa na watu wapatao milioni moja, alimshinda Coke Stevenson kwa kura 87. Siku sita baada ya kura kupigwa, kituo namba 13 cha mji mdogo wa Alice kilikuwa kimeongeza kura 200 kwa Johnson. Walioiona orodha ya wapiga kura hao walieleza kwamba majina ya mwisho yaliandikwa kwa wino wa aina moja, kwa mwandiko mmoja, na kwa mfuatano wa alfabeti. Watu walikuwa wamebishana juu ya sanduku hilo kwa miaka mingi. Caro hakutosheka na ubishi. Alimtafuta Luis Salas, aliyekuwa msimamizi wa kituo, akamkuta mzee, na mzee huyo akampa maelezo aliyoyaandika mwenyewe juu ya wizi ule.

Mtu huyo aliyeipata Seneti kwa njia hiyo ndiye pia aliyekuwa mwalimu. Kati ya mwaka 1928 na 1929, akiwa na umri wa miaka 20, Johnson alifundisha katika shule ya watoto wenye asili ya Mexico katika mji wa Cotulla, Texas. Watoto hao walikuja shuleni na njaa. Mwalimu huyo kijana aliwafundisha kwa ukali na kwa juhudi, na alimfundisha Kiingereza hata mhudumu aliyekuwa akifagia shule. Baada ya hapo, kwa miaka 20 akiwa bungeni, alipiga kura pamoja na wabunge wa Kusini kuzuia kila sheria ya haki za Wamarekani weusi. Mwaka 1957, akiwa kiongozi wa wengi katika Seneti, akapitisha sheria ya kwanza ya haki hizo tangu mwaka 1875, ingawa ilikuwa dhaifu. Alipokuwa Rais akatia saini sheria kubwa ya Julai 1964, na ile ya haki ya kupiga kura ya Agosti 1965. Alipolihutubia Bunge mwezi Machi 1965 kudai sheria hiyo ya mwisho, aliwataja watoto wa Cotulla. Na mwaka huo huo alikuwa akipeleka majeshi makubwa zaidi Vietnam, katika vita vilivyoua watu wengi na kuharibu jina lake.

Ni yupi kati ya hao aliye Johnson wa kweli? Wote. Hapo ndipo lilipo fundisho ambalo wasifu wa juu juu hauwezi kulitoa. Kitabu cha sifa kingemchukua mwalimu wa Cotulla na kumwacha mgombea wa mwaka 1948. Kitabu cha chuki kingefanya kinyume. Msomaji wa vitabu hivyo viwili angebaki ama mtu wa kupiga makofi ama mtu wa kuzomea, na hakuna nchi inayojengwa na watu wa aina hizo mbili peke yao. Msomaji wa wasifu kamili hujifunza kupima. Hujifunza kwamba tamaa ya madaraka na huruma kwa wanyonge zinaweza kukaa katika moyo mmoja, na kwamba kazi ya sheria, ya vyombo vya umma na ya wananchi walio macho ni kuifunga hiyo tamaa ili huruma ifanye kazi.

Zipo sauti zinazodai kwamba kuanika kasoro za viongozi ni kuwavunjia heshima, hasa baada ya kufa kwao. Hoja hii ina uzito katika jamii inayoheshimu wazee, na haifai kubezwa. Lakini heshima si kitu kimoja na kuficha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiongozi ajaye akikuta kwamba waliotangulia wameandikwa kama malaika, atachukua kwamba na yeye ataandikwa hivyo hivyo, liwalo na liwe. Akikuta wameandikwa kama watu, na kila karatasi imehesabiwa, atafikiri mara mbili kabla ya kutia saini. Zaidi ya hayo, kiongozi aliyetenda mema makubwa huku akiwa na udhaifu wa binadamu anastahili heshima kubwa kuliko sanamu isiyowahi kujaribiwa.

Watumishi wa umma wanaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya marais na wabunge tu. Kitabu cha kwanza cha Caro, kilichotoka mwaka 1974, kinawaondolea dhana hiyo. Kilimhusu Robert Moses, ofisa wa New York ambaye hakuwahi kuchaguliwa na wananchi hata mara moja. Aligombea ugavana mwaka 1934 akashindwa vibaya. Hata hivyo alishika madaraka kwa miaka 44, kuanzia 1924 hadi 1968, akajenga madaraja, barabara kuu na bustani za umma, wakati mameya na magavana wakija na kuondoka. Nguvu yake ilitoka wapi? Ilitoka katika uandishi wa sheria. Moses alikuwa fundi wa kutunga miswada, na alijua kuingiza kifungu ambacho wabunge hawakukielewa hadi kilipokwisha pita. Kisha akayaingiza madaraka ya mamlaka yake ya madaraja katika mikataba ya hatifungani, na katiba ya Marekani hairuhusu serikali kuvunja mkataba. Fedha ya ushuru wa madaraja ikawa yake kuipangia.

Sura moja ya kitabu hicho inahusu maili moja tu ya barabara kuu iliyopita katika mtaa wa East Tremont, mtaa wa wafanyakazi wa kipato cha chini. Mwezi Desemba 1952 wakazi walipata barua za kuwataka wahame katika muda wa siku 90. Nyumba za kaya zaidi ya 1,500 zilikuwa zivunjwe. Wakazi walionyesha kwamba barabara ingeweza kusogezwa kidogo tu, na karibu nyumba zote zikapona. Walihudhuria mikutano, waliandika barua, walibisha hodi katika kila ofisi. Barabara ikapita pale pale ilipochorwa. Ofisa yeyote aliyewahi kuandika notisi ya kuwahamisha watu, na mwalimu yeyote aliyewahi kuona wanafunzi wake wakitawanyika kwa sababu ya notisi kama hiyo, atakisoma kitabu hicho huku akijitazama. Umangimeza huelezwa mara nyingi kuwa ni uzembe na mlolongo wa karatasi. Humo unaonekana katika sura yake ya hatari zaidi, yaani ufanisi mkubwa usiomsikiliza mtu.

Sasa yafaa kuitazama nyumbani. Tanzania haijakosa kazi za namna hii. Shaaban Robert, ambaye kwa miaka mingi aliishi kwa mshahara wa ukarani serikalini, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, akaonyesha kwamba maisha ya mwimbaji aliyetoka katika familia ya watu maskini yanastahili kitabu. Mwaka 2019 Rais Benjamin Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 Rais Ali Hassan Mwinyi akatoa chake kwa Kiswahili. Tawasifu hizi zina thamani kubwa, ingawa mtu anayejieleza mwenyewe hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Kazi iliyokaribia zaidi mfano wa Caro ni ile ya mwaka 2020, ambapo Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa juzuu tatu za wasifu wa Mwalimu Julius Nyerere, zilizochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Humo Mwalimu anaonekana akiwa mtoto, mwanafunzi, mwalimu, mpigania uhuru na mtawala, na kazi zake zinapimwa badala ya kuimbwa tu.

Juzuu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Hilo lilikuwa na sababu zake, lakini linaacha deni. Mwalimu aliwahutubia wananchi kwa Kiswahili, aliongoza kwa Kiswahili, na alifasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Haifai wananchi aliowaongoza wahitaji lugha nyingine ili wayajue maisha yake kwa undani. Na zaidi ya Mwalimu wako wengi ambao hawajaandikwa kwa kina: makatibu wa vyama vya ushirika, akina mama walioeneza habari za uhuru mitaani, makatibu wakuu wa wizara, walimu wakuu waliofungua shule chini ya miti. Wengi wamekwisha kufariki. Waliobaki ni wazee sana, na kila mazishi yanafunga masjala nzima.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanapokuwa na wajibu usiokwepeka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ni mali. Ile orodha ya mwaka 1940 ilionekana kwa sababu karani fulani, asiyejulikana jina, aliitia katika jalada lake badala ya kuitupa. Tanzania inayo sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, na inayo idara ya kuisimamia. Lakini sheria haifungi jalada wala haizuii mchwa. Hayo ni kazi ya mtu wa masjala. Ofisa anayehamishwa akaondoka na mafaili, mkuu wa idara anayeamuru karatasi za zamani zichomwe ili kupata nafasi ya kabati, mwandishi wa mkutano anayeandika kwamba suala lilijadiliwa bila kusema nani alisema nini, wote hao wanachoma vitabu ambavyo bado havijaandikwa. Siku hizi, ambapo maamuzi mengi hupitia katika simu na kompyuta, hatari imezidi, kwa kuwa ujumbe hufutwa kwa kidole na hauachi hata majivu.

Walimu nao wana sehemu yao. Somo la historia likifundishwa kama orodha ya majina na tarehe, mwanafunzi hulikariri hadi siku ya mtihani na kulisahau siku ya pili. Mwanafunzi akitumwa kumhoji mzee mmoja wa kijiji chake, aandike jinsi kisima kilivyochimbwa, nani aliitisha mkutano, nani alipinga na kwa nini, atakuwa ameanza kujifunza utawala. Mwalimu amfundishe pia kutoamini jibu la kwanza. Caro alipohojiana na ndugu wa Johnson, Sam Houston Johnson, mwanzoni alipewa hadithi tamu zisizo na ukweli. Baadaye alimpeleka jioni katika nyumba waliyolelewa, iliyokuwa imehifadhiwa kama ilivyokuwa, akamkalisha katika kiti chake cha utotoni kwenye meza ya chakula. Mzee akaanza kukumbuka magomvi ya baba na mwana, na alipoombwa arudie zile hadithi tamu, alikiri kwamba hayakutokea. Subira ya namna hiyo haihitaji fedha nyingi, na shule yoyote inaweza kuifundisha.

Kwa hiyo vitabu hivi vinene vitolewe katika rafu. Vyuo vya ualimu na vya utumishi wa umma viviweke katika mafunzo, wachapaji wavifasiri, na maktaba za wilaya ziviagize. Asiye na nafasi ya kusoma kurasa 800 na asome sura moja: ile ya ndoo, au ile ya maili moja ya barabara. Kisha kesho yake, atakapoketi mezani kwake na jalada mbele yake, aliandike dokezo lake kwa ukamilifu, kwa jina, kwa tarehe na kwa sababu. Ipo siku litasomwa.